Doa Lisilo na Jicho

Mafuta ya taa yakimwagika karibu nami, wengine hufikiria moto. Mimi hufikiria miguu. Wiki iliyopita umeme ulikatika, mjukuu wangu akaangusha kibatari jikoni, na kabla sijamgombeza harufu ile ilikuwa imeshanirudisha Mbugangari, mtaa wetu wa mpakani mwa Kongo, kwenye mkeka wa mama, mguu wangu wa kushoto juu ya paja lake na mimi nikiuma upindo wa kanga ili nisilie. Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema. Tulikulia kwenye vumbi jeusi la volkano, pekupeku, na funza walitujua kwa majina. Wajukuu zetu wakisikia neno funza wanadhani ni mdudu wa kwenye mahindi. Wamebarikiwa, lakini wamekosa hadithi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mtoaji funza wa mtaa mzima, na hilo nalisema kwa majivuno bila kuomba radhi. Kila Alhamisi alasiri, siku ambayo hatukwenda chuoni kusoma Kurani, alitandika mkeka mbele ya nyumba, akaweka kibatari, sindano ya mkono, na kikopo cha mafuta ya taa aliyochanganya na majivu ya tumbaku. Watoto wa jirani walipanga foleni wakisukumana ili wawe wa mwisho. Walikuja wanawake wauza samaki kutoka Nyamyumba, na hata wachuuzi wa Mahoko walioteremka na viazi vyao. Mama aliminya kwa kidole gumba, akatafuta uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo aliiita jicho.

“Funza iko na jicho, na iko inawasha,” alikuwa akisema. “Ukiona jicho, we ngoja sindano.”

Kisha aliipitisha sindano kwenye mwali wa kibatari, akazungusha taratibu, na mfuko wa mayai ukatoka mzima bila kupasuka. Aliuweka juu ya ukucha wake kila mtu auone, ndipo akapaka ile dawa yake kali. Shukrani ilikuwa mkungu mdogo wa ndizi, au samaki wawili waliofungwa kwenye jani. Kazi yangu ilikuwa kushika kibatari, na nilikishika kana kwamba nimekabidhiwa serikali. Chuoni nilijisifu mpaka wenzangu wakachoka. Niliamini hakuna kitu katika mguu wa binadamu ambacho sindano ya mama ingeshindwa kukitoa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, ikitazama barabara, na aliikanyaga pekupeku tangu asubuhi hadi jua likielekea upande wa Kongo, kwa sababu, alisema, kiatu kinafanya mguu kuwa kiziwi. Kwenye mkeka wa mama hakuonekana hata siku moja. Mwanamume mwenye wateja hakuweza kumwekea mke mguu pajani mbele ya barabara nzima. Funza zake alijichimbia mwenyewe kwa mwiba, vibaya, halafu akachechemea siku mbili akijidai hana kitu. Kwa hiyo Alhamisi ile alipoita kutoka kwenye mashine, hata watoto wa foleni waliacha kusukumana.

“Mama Mwamini, kuya kwanza uangalie hapa. Iko funza moja, lakini haiwashi.”

Mwamini ni mimi. Nilinyanyuka na kibatari changu, nikamfuata mama kama karani anayemfuata hakimu. Shangazi Faida, dada mkubwa wa baba, aliyekaa nyumba ya pili na kula kwetu kila siku, naye alisogeza kigoda chake asipitwe na jambo.

Doa lilikuwa chini ya mguu wa kulia, karibu na mzizi wa kidole cha mwisho. Lilikuwa dogo kuliko punje ya haragwe, bapa, halina uvimbe. Katikati lilikuwa jeusi kabisa, upande mmoja la kahawia, na ukingo wake haukuwa wa duara. Ulitambaa huku na huku kama wino uliodondokea kitambaa kibichi. Baba akasema ni mafuta ya mashine tu. Mama akasugua kwa kitambaa chenye sabuni. Akasugua kwa jiwe la volkano tulilosugulia visigino. Halikutoka.

“Inauma?”

“Hapana.”

“Ilianza lini?”

“Sijui. Mi nimeiona leo.”

Mama aliminya, akageuza mguu upande wa mwanga, akaangalia kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nibadilishe mkono wa kushika kibatari. Kisha akaichomeka sindano yake kwenye kibunda cha uzi.

“Hii haina jicho.”

“Donc?” akauliza baba, yaani basi ni nini.

“Donc haiko funza. Mi sichimbe kitu yenye sijui.”

Shangazi Faida akapiga makofi. “Yo! Unachimbiaka batu ya Mahoko yote, halafu bwana yako anakushinda?”

“Sindano yangu inafataka kitu yenye iliingia toka inje, wifi. Hii imetoka ndani. Tuende hospitali.”

Sijui kama mmewahi kuona aibu kwa ajili ya mzazi wenu. Mimi siku ile niliona, na aibu hiyo ilinichoma zaidi ya mafuta ya taa. Mbele ya foleni nzima mama yangu alisema hajui! Jumamosi yake habari ilikuwa imefika chuoni kabla yangu, na mtoto wa mchinja nyama alinipokea mlangoni akiimba, “Mganga hajigangi! Mganga hajigangi!” Nilimrushia kibao changu cha kuandikia, nikachapwa kwa ajili ya kibao, na moyoni nilimlaumu mama. Kwani ingemgharimu nini kuchimba kidogo tu, hata kwa kuwaridhisha watu?

Baba hakutaka kusikia habari ya hospitali. Hakuwa mjinga, alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu.

“Kule bakiona mubaya ku kidole, banakata muguu yote,” alisema. “Fundi bila muguu iko fundi gani? Tutakula nini?”

Basi kila mtu akaleta dawa yake. Shangazi Faida alimpeleka kwenye chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, ambako watu hutumbukiza miguu na magonjwa yao yote. Alikwenda mara nyingi, akarudi na nyayo laini kama za mtoto mchanga na doa likiwa linang'aa zaidi. Jirani mmoja aliyewahi kuwapikia Wazungu alimwambia asihangaike, ugonjwa wa ngozi ni wa Wazungu, ngozi yao huungua kwa jua kidogo tu. Yetu ni ngumu. Maneno hayo baba aliyapenda kuliko dawa yoyote, na aliyarudia mezani mara nyingi bila mtu kumuuliza.

Mama hakubishana. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya mwezi kuandama, baba akiwa anakunywa chai, alichuchumaa, akavuta uzi mweusi kutoka kwenye kibunda, akaulaza juu ya doa kutoka ukingo hadi ukingo. Akaubana kwa kucha, akaukata kwa meno, akautia ndani ya kiberiti kitupu. Baba alidhani ni dawa za kwao mama, akamwacha. Mwezi uliofuata ulipoandama, akafanya vilevile.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto iliponipeleka kubaya. Kwetu, walioshonewa nguo walipimwa kwa mita ya kitambaa, ile ya njano iliyoning'inia shingoni mwa baba. Aliyepimwa kwa uzi au kamba alikuwa mmoja tu, maiti. Mtu akifariki, wanaume walikuja na kamba yenye fundo, urefu wa marehemu, na baba akaitandaza juu ya jora jeupe akakata sanda. Nilikwisha kuiona kamba hiyo mara kadhaa, na nilijua haiji ila kwa jambo moja. Sasa mama alikuwa anampima baba kwa uzi, kila mwezi kipande, na kukificha ndani ya kiberiti. Niliamini anamwandalia sanda kidogokidogo. Sikumwambia mtu. Chakula kilinishinda, na usoni pa mama sikuthubutu kutazama.

Ulipokatwa uzi wa tatu nilimkuta mama ameketi nyuma ya nyumba, kiberiti mapajani, macho mekundu. Nikaamua. Kama mama ameanza kuogopa funza, basi mimi sikuogopa; nilikuwa nimeshika kibatari kwa miaka, nilijua kila kitu. Siku ile baada ya adhuhuri baba alijilaza kwenye mkeka, mguu ukiwa umetokeza nje ya shuka, na mama alikuwa ameshuka ziwani kununua samaki. Nilichukua sindano, nikaipitisha kwenye mwali kama nilivyofundishwa, nikapiga magoti. Nilitafuta jicho. Halikuwapo popote. Doa lilikuwa limekuwa kubwa kuliko nilivyolikumbuka, na sehemu moja lilianza kuinuka. Nikachoma pale nilipodhani jicho lingepaswa kuwa.

Damu ya funza ni tone moja na kwisha. Hii ilitoka, nikaifuta, ikatoka, nikaifuta kwa gauni langu, ikatoka tena. Baba aliruka kutoka usingizini akipiga ukelele uliomleta Shangazi Faida na majirani wawili. Mama alifika akiwa na kapu la samaki kichwani, akalitua, akakunja kitambaa safi, akaukandamiza mguu kwa mikono yote miwili hadi damu ikasimama. Ndipo akanigeukia. Nilijikunja nikingoja kofi.

“Nani alikutuma, Mwamini?”

“Mi nilitaka baba asikufe.”

“Nani alisema anakufa?”

“We! We unamupimaka na uzi!”

Mama hakuelewa. Baba ndiye aliyeelewa, maana yeye ndiye aliyekata sanda za mtaa. Alicheka kwa nguvu, kisha akaacha ghafla. Akamtazama mama.

“Kweli, ile uzi iko ya nini?”

Mama aliingia ndani, akarudi na kiberiti. Alitandaza kipande cha bafta nyeupe juu ya mbao ya mashine, akazipanga nyuzi tatu sambamba, mmoja chini ya mwingine. Baba alivua mita shingoni, akaupima wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu akarudia tangu mwanzo, kama anavyofanya mteja anapodai kwamba suruali imepunjwa. Uzi wa tatu ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa kwanza. Fundi cherehani unaweza kumdanganya kwa maneno, na ndugu zangu wengi wamemdanganya, lakini kipimo hakibishi.

“Mwezi tatu tu?” akauliza.

“Mwezi tatu.”

Shangazi Faida akaanza kusema jambo kuhusu maji ya moto. Baba akainua mkono kumzuia.

“Bon,” akasema baba. “Kesho tunaenda.”

“Hapana kesho,” akasema mama. “Vaa kanzu.”

Tulikwenda saa ileile, mguu wa baba umefungwa kwa bafta, mimi nikimshika mkono kwa nguvu hata hawakuweza kuniacha nyumbani. Njia nzima nilikuwa na hakika kwamba sindano yangu ndiyo iliyommaliza. Hospitalini palikuwa na daktari Mzungu mwenye miwani mizito, na msaidizi wake Mnyarwanda aliyegeuza Kifaransa chake kuwa Kiswahili chetu. Mama alimpa kile kiberiti kwa mikono miwili. Nilitegemea watacheka. Daktari alizitoa nyuzi, akazilaza mmoja mmoja kando ya rula ya chuma, akaandika. Kisha akautazama mguu kwa kioo cha kukuzia, akauliza kama ulikuwa ukitoka damu wenyewe, akapapasa nyuma ya goti na kinenani kutafuta matezi yaliyovimba. Hayakuwapo. Hakuishia hapo. Akakagua mguu wa pili, katikati ya vidole, viganja, na kila ukucha, kana kwamba baba ni kitambaa anachotaka kujua kama kina tundu.

“Munganga anasema hii iko kansere ya ngozi,” akasema msaidizi.

Baba alikuwa bado na tumaini lake. “Ile haiko ya Bazungu?”

“Bazungu inabashika ku uso, ku mugongo, fasi jua inabachoma. Sisi batu beusi inapendaka fasi jua haifike: chini ya muguu, ku kiganja, chini ya ukucha. Ju ya ile tunachelewa kuiona.”

Daktari akauliza jambo, akionyesha nyuzi.

“Anauliza nani alipima.”

Mama aliangalia sakafu. “Mi.”

“Unajua kusoma?”

“Hapana.”

Daktari alisema maneno mengi, na msaidizi aliyasikiliza yote ndipo akamgeukia mama, na ninakumbuka alisimama wima kabla ya kusema. “Anasema umefanya kazi ya munganga. Umemuletea ushahidi yenye batu ya masomo habamuleteeke. Lakini anasema tena, mama, usikasirike: uzi ya kwanza ilitosha. Kitu ku ngozi yenye hauijue, yenye inabadilika, ao kidonda yenye inakatala kupona, usiingojee mwezi tatu.”

Mama hakukasirika. Aliitika kwa kichwa, na maisha yake yote aliyekuja kwake na kitu cha mashaka aliambiwa hadithi ile bila kupunguzwa: “Mi nilichelewa uzi mbili. We usichelewe hata moja.” Wengi wetu tukisifiwa tunaificha ile nusu ya lawama. Mama yangu aliibeba mkononi kila mtu aione.

Mimi nilikuwa nimeanza kulia, na nikauliza kwa sauti kama ni sindano yangu iliyoleta ugonjwa. Msaidizi aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

“Hapana, mutoto. Ilikuwa pale mbele ya sindano yako. Lakini kitu ya vile usiichokore tena. Ile si ya kuchimba, ni ya kuonyesha.”

“Mutakata muguu?” akauliza baba. Alijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza saa.

“Vidole mbili, na kipande ya pembeni. Tutakamata ngozi ku paja tufunike. Ungekuya mwaka kesho, tungekuwa na maneno ingine.”

Mashine ilifunikwa shuka kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama Ramadhani mbili zilizoungana. Nyumba bila mlio wa cherehani ilikuwa kama imeugua yenyewe. Shangazi Faida alipeleka uji hospitalini kila asubuhi, na hakuitaja Nyamyumba hata mara moja. Shangazi yangu kunyamaza ni habari ya kupigiwa ngoma. Kipande walichokata kilipelekwa mbali kutazamwa kwa darubini, na majibu yaliporudi msaidizi alituambia kwamba kingo zake zilikuwa safi, ugonjwa wote ulikuwa umetoka. Mama aliketi chini palepale, kwenye saruji ya hospitali, akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Baba alirudi akiwa na vidole vitatu mguu wa kulia, na siku za kwanza mashine ilimkataa. Kanyagio lilimteleza, mishono ikaenda kama njia ya mlevi, na alishona tena na tena kipande kilekile cha bafta huku akijitukana kwa Kinyarwanda ili mama asikie na watoto wasielewe, ingawa tulielewa. Alijifunza kutumia kisigino. Siku moja nilikuwa narudi chuoni, na kutoka kwenye kona ya barabara nikasikia mlio wa mashine, tararara, bila kukatika. Nilisimama katikati ya njia. Mtoto wa mchinja nyama alikuwa nyuma yangu, akauliza nimeona nini. Nikamwambia, “Sikiliza! Ile ni baba yangu.” Mpaka leo sijui furaha iliyozidi ile. Aliikanyaga mashine hiyo miaka mingi baadaye, akanishonea gauni la harusi, na la mdogo wangu, na mashati ya wajukuu.

Mkeka wa Alhamisi ulirudi, lakini mama alikuwa ameubadilisha. Kabla ya sindano kuguswa, kila mtu alionyesha miguu yote miwili, viganja, kucha, na makovu ya moto ya zamani, maana msaidizi yule alimfundisha kwamba hata kovu la zamani likifumuka na kugoma kupona si la kuchezewa. Kulikuwa na mtoto mmoja mweupe kwa kuzaliwa, mwana wa muuza samaki, ambaye jua lilimbabua mashavu. Baba alimshonea mashati ya mikono mirefu, mama akamfumia kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, na ole wake aliyemkuta nje bila kofia hiyo. Penye jicho, mama alichimba. Pasipo na jicho, alionyesha barabara ya hospitali, na hakuna tena aliyemwimbia mganga hajigangi.

Lakini siku ninayoiweka juu ya zote ni Ijumaa ya kwanza baba alipokwenda msikitini kwa miguu yake. Nilimfuata nimembebea kigoda cha kupumzikia njiani, nikamngoja nje kando ya ukuta. Swala ilipokwisha wanaume walimzunguka kwenye ngazi, wakampa mkono, na mchinja nyama akauliza kwa sauti, “Fundi, ni munganga gani alikuponyesha?”

Mnajua wanaume wa zama zile. Mke hakutajwa hadharani. Hata akifa alisemwa kwa kuzunguka. Baba aliegemea fimbo yake.

“Munganga alikata,” akasema. “Mwenye alijua ni bibi yangu.”

Watu walikohoa. Mmoja akatazama angani kama anatafuta mvua. Baba akaendelea, na sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia kumwambia mteja kwamba kitambaa chake ni kibovu.

“Sisi bote tunanawaka miguu mara tano kila siku. Tunaipangusa, tunaingia kusali. Ni nani hapa ameangalia chini ya muguu yake?”

Kisha mwalimu wetu wa chuo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheka wala kuinama, akashika bega la jirani yake, akainua mguu, akaugeuza na kuutazama. Mchinja nyama akafuata. Baada ya muda kidogo waheshimiwa wote wa Mbugangari walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja juu ya ngazi za msikiti, wameshikana mabega, kanzu zimepandishwa, wanakagua nyayo zao. Mtu mwingine angecheka. Mimi nilijaa fahari mpaka kifua kikaniuma, kwa sababu nilijua ni nani aliyeiinua miguu ile, naye alikuwa nyumbani anapepeta mchele.

Mmoja baada ya mwingine waliishusha miguu yao, wakacheka, wakavaa viatu. Mzee mmoja muuza chumvi hakuushusha wa kwake. Aliugeuza kisigino upande wa jua, akakisugua kwa kidole cha mate, akasugua tena.

“Fundi,” akasema taratibu, “kuya uone hapa.”

Baba alichechemea hadi kwake, akainama, akatazama. Hakumuuliza kama anaogopa. Hakumwambia kesho. Alishika fimbo kwa mkono mmoja na kiwiko cha mzee kwa mkono wa pili, wakaanza kuteremka ngazi pamoja, polepole.

“Mwamini,” akaniita bila kugeuka, “ambia mama yako asitungojee ku chakula. Tunaenda hospitali.”

Nilikiacha kigoda palepale. Nilikimbia kupita maduka, kupita kisima, kupita nyumba ya shangazi, nikiitangaza habari hiyo kwa kila mtu niliyekutana naye, hata kwa wale ambao hawakuniuliza kitu.